Pasta, Ni Lazima Niamini Kaburi Lilikuwa Tupu?



Mvua imeanza, watu wako mashambani, na najua wengi mtasoma haya usiku mkishanawa miguu. Naomba msome hadi mwisho. Leo sina neno la unabii. Nataka kujibu swali moja, na nataka kutubu jambo moja mbele yenu.

Jumapili ya Pasaka, ibada ilipoisha, kijana mmoja wa kanisa letu alibaki nyuma. Sitamtaja jina, na amenipa ruhusa niandike. Yuko chuo, na akiwa nyumbani hutupigia kinanda. Alingoja watu wamalize kusalimiana, kisha akaniambia: "Pasta, nampenda Yesu. Naomba, na mafundisho yake najaribu kuyafuata. Lakini siwezi kusema naamini mwili wake ulitoka kaburini. Naona ufufuo ni namna ya kusema tumaini halifi. Je, mimi bado ni Mkristo?"

Nikafungua kinywa nimpe 1 Wakorintho 15. Akanitangulia.

"Usikasirike, Pasta. Lakini hata wewe huhubiri kaburi. Leo umehubiri ufufuo wa biashara. Mwaka jana ulikuwa ufufuo wa ndoa. Mwaka juzi ulituambia kila mtu amguse jirani yake amwambie jiwe lake linaondolewa. Sasa tofauti yangu na wewe ni gani?"

Wapendwa, nilikosa jibu. Nilimwambia tutaongea Alhamisi. Nilipofika nyumbani nikatoa daftari zangu za mahubiri, Pasaka tatu. Kijana alikuwa sawa. Katika mahubiri yote matatu Yesu anafufuka kwenye sentensi ya kwanza, halafu dakika 50 zinazobaki ni kuhusu duka lako.

Wacha nieleze kwa nini jambo hili lilinikosesha usingizi. Mwaka 1941 mwalimu mmoja wa Biblia huko Ujerumani, Rudolf Bultmann, alisema mtu anayetumia umeme na redio hawezi tena kuamini miujiza ya Agano Jipya kama ilivyoandikwa. Kwake yeye, kilichofufuka ni imani ndani ya wanafunzi. Mwaka 2017 BBC iliagiza kura ya maoni kule Uingereza, na robo hivi ya watu waliojiita Wakristo walisema hawaamini ufufuo wa Yesu. Sisi Wapentekoste tukisikia habari hizo tunatikisa kichwa na kusema makanisa ya huko yamepoa.

Lakini mimi nilifanya nini? Profesa alisema ufufuo ni imani iliyozaliwa moyoni. Mimi nilisema ni biashara iliyofunguka tena. Yeye alisema kwa upole, mimi nilisema kwa kelele na kinanda. Wote wawili tuliuacha mwili kaburini.

Wala si jambo jipya. Soma 2 Timotheo sura ya 2. Paulo anawataja Himenayo na Fileto, waliofundisha kwamba ufufuo umekwisha kutukia, na anasema mafundisho hayo yalikuwa yakiangusha imani ya watu. Hawakulikataa neno "ufufuo". Walilihifadhi neno, wakaondoa kilichokuwa ndani yake.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo toba yangu ilipo. Nitakuambia kwa nini niliacha kuhubiri kaburi.

Miaka minne iliyopita mdogo wangu alikufa. Lori liligonga pikipiki yake usiku. Mama alinipigia simu kutoka Bungoma, nikaondoka Kitale kabla ya alfajiri, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, nikiomba njia nzima. Nilikuwa nimehubiri habari za Lazaro mara nyingi, na niliziamini. Nilipofika mochari nilimwomba mhudumu aniache peke yangu na ndugu yangu. Niliweka mkono kifuani pake nikaomba kwa saa mbili. Niliomba kwa kunena kwa lugha, niliomba kwa Kiswahili, niliomba kwa Lubukusu kama mtoto. Kifua kilibaki baridi. Mwishowe mhudumu alirudi akasema kwa upole, "Pasta, kuna familia nyingine inangoja."

Tulimzika Jumamosi, pale nyumbani, kando ya mahindi. Sikumwambia mtu yeyote kuhusu zile saa mbili.

Jioni ya siku hiyo, watu walipopungua, mama alikuja akaketi karibu nami. Mama yangu aliacha shule darasa la tatu. Aliniita Papa, kama mama zetu wanavyowaita vijana wao, akauliza: "Papa, nitamwona, ama nitamkumbuka tu?"

Nikamjibu, "Utamwona, mama." Lakini niliyasema kama mtu anayeahidi pesa kwenye harambee akijua mfukoni hana.

Tangu hapo niliona afadhali nihubiri ufufuo wa biashara. Biashara ikifufuka, mtu anatoa ushuhuda. Isipofufuka, nitakuambia ungoje, msimu wako unakuja. Kaburi la ndugu yangu halikunipa nafasi ya kukwepa namna hiyo.

Lakini angalia swali la mama. Wasomi wameandika vitabu vingi juu ya jambo hili, na mama alilimaliza kwa maneno machache. Nitamwona, ama nitamkumbuka tu? Kama ufufuo ni mfano, jibu ni "utamkumbuka tu". Na kumbukumbu, wapendwa, tulikuwa nayo kabla ya kusikia Injili. Kwetu Bubukusu mzee wa heshima akizikwa, anaitwa mfariji anayeswala kumuse. Anasimama katikati ya watu, anasimulia ukoo na historia, anawaonya walio hai. Nimewahi kuketi pale nikalia. Tena mtoto akizaliwa anapewa jina la babu aliyekufa, na jina linaendelea. Ni mambo ya heshima. Lakini kama Injili ilikuwa inatuambia tu kwamba waliokufa wanaishi katika kumbukumbu zetu, wamishenari wa Friends waliofika Kaimosi mwaka 1902 walisafiri bure. Wazee wetu wangewajibu kwamba hilo wanalijua tayari.

Injili ilileta habari. Mtu aliyekufa na kuzikwa alikutwa yu hai, na kwa Luka 24 anaomba chakula, anapewa samaki, anakula.

Ndiyo maana Paulo halegezi. Anawaandikia Wakorintho yapata miaka 25 tu baada ya msalaba. Wewe unayeikumbuka mvua ya El Nino ya 1997 unajua miaka 25 si mbali, watu waliokuwepo bado wanasimulia. Paulo anataja walioona: Kefa, wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa bado hai, Yakobo, mitume wote, na yeye mwenyewe. Mtu aliyetaka kuuliza angeweza kwenda kuuliza. Kisha anasema kama Kristo hakufufuka, mahubiri ni bure, imani ni bure, dhambi bado tunazo, na waliolala katika Kristo wamepotea. Hasemi kwamba hata hivyo tutabaki na mafundisho mazuri. Anasema tungekuwa watu wa kuhurumiwa kuliko wote.

Hata hapa kwetu watu wanaelewa neno hili lina maana gani. Mwaka 2023, kuelekea Pasaka, mnakumbuka yule bwana wa Tongaren anayejiita Yesu, na habari zilizoenea kwamba kuna watu wanataka asulubishwe waone kama atafufuka siku ya tatu. Nchi nzima ilicheka, na mimi nilicheka. Kumtisha mtu kifo si jambo la kuchekesha, na Mungu atusamehe. Lakini katika mzaha ule hakuna aliyesema atafufuka mioyoni mwetu. Watu walikuwa wanazungumza juu ya kaburi na siku tatu.

Na mwezi ule ule wa Aprili tukaanza kusikia Shakahola, ambako baadaye ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wapendwa, anayeamini kwamba Mungu ataufufua mwili hawezi kuufanyia hivyo mwili. Imani ya ufufuo inamfanya mtu alishe watoto wake na kumpeleka mgonjwa hospitali, kwa sababu mwili huu Mungu hajaukataa.

Alhamisi kijana alikuja. Tulinywa chai, nikampa majibu mawili.

La kwanza. Je, imani ya Kikristo inahitaji Yesu awe alifufuka kweli, kwa mwili? Ndiyo. Ukiliondoa hilo, unaweza kubaki na maadili mazuri na nyimbo nzuri, lakini mama yangu hutamjibu. Sina ruhusa ya kukupunguzia.

La pili. Je, Yesu anamfukuza asiyeweza kuamini hilo leo? Hapana. Wanawake waliporudi kutoka kaburini, mitume wenyewe waliona ni maneno ya upuuzi. Tomaso alikaa siku nane bila kuamini, na siku ya nane bado alikuwa chumbani pamoja na wenzake. Hakuna aliyemfungia mlango. Na Mathayo 28 inasema kule mlimani wengine waliona shaka, lakini agizo la kwenda ulimwenguni walipewa wote. "Kwa hiyo kaa chumbani," nikamwambia. "Kinanda piga. Lakini shaka yako iite shaka. Usiibadilishie jina ukaiita fundisho."

Akanitazama. "Na wewe, Pasta? Unaamini?"

Ndipo nikamsimulia mochari. Alikuwa mtu wa kwanza kuisikia.

Nikamwambia ninaamini. Sina kipimo cha maabara. Nina wanawake, ambao siku zile ushahidi wao haukupewa uzito, na mtu anayetunga hadithi asingewachagua wao. Nina watu waliokimbia usiku wa kukamatwa kwake, na baada ya wiki chache wakasimama Yerusalemu, mji wenye kaburi lenyewe, wakisema yu hai. Na nina Yakobo. Yohana 7 inasema ndugu za Yesu hawakumwamini. Kisha katika orodha ya Paulo namkuta Yakobo, ndugu yake Bwana, kwamba alitokewa. Mimi pia ni ndugu wa mtu aliyezikwa. Jina hilo siwezi kulipita haraka.

Na zile saa mbili? Nimeanza kuelewa kwamba niliomba kitu kingine. Lazaro alirudi, na baadaye akafa tena. Paulo anamwita Kristo limbuko. Sisi wa Trans Nzoia tusihitaji kufundishwa neno hilo. Ukiona hindi la kwanza limekomaa, hujavuna bado, lakini unajua shamba hili linazaa. Mdogo wangu yuko katika shamba ambalo halijavunwa. Hilo halikunifuta machozi, lakini siku hizi nikisema "utamwona" sijisikii mwongo.

Kijana hajaniambia kwamba sasa anaamini, na sikumsukuma. Jumapili alikuja akapiga kinanda.

Juma lililopita nilishuka Bungoma. Niliketi na mama karibu na kaburi, nikamweleza yote: mochari, zile saa mbili, na jinsi nilivyomjibu siku ile bila uhakika. Alinyamaza kwa muda, akatoa gugu moja juu ya kaburi.

"Najua," akasema. "Yule wa mochari ni wa kanisa letu. Aliniambia siku ile ile. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Kisha akasema, "Basi tungoje pamoja, Papa."

Wapendwa, naomba mnisamehe kwa Pasaka tatu. Ijayo, Bwana akitupa uzima, nitahubiri kaburi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na biashara zenu tutaziombea siku nyingine.

Juma hili soma 1 Wakorintho 15 yote, mistari yake 58, na kama una mtu uliyemzika, isome ukimfikiria yeye kwa jina. Na kama una swali kama la yule kijana, usiandike AMINA hapa chini kwa kuogopa watu. Nipigie au uje ofisini tuongee. Chai ipo.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyekula samaki mbele ya watu walioogopa, tuhurumie sisi tunaoamini na sisi tunaong'ang'ana. Wafariji waliozika mwaka huu. Utuweke chumbani pamoja mpaka utakapokuja. Amina.

Mchungaji wenu, Kitale.