Bata wa Vuli

Zamani mto Tana ulifurika mara mbili kwa mwaka. Maji ya masika yalitufikia Aprili au Mei na kukaa hadi Juni. Ya vuli yalikuja Novemba, machache zaidi na yenye haraka. Chini ya Garsen, mto unapoanza kujigawa kuelekea Kipini na bahari, nchi ni tambarare mno. Maji yakivuka kingo kidogo tu, bonde zima hugeuka ziwa la kufika magotini. Hakuna aliyeita jambo hilo balaa. Mpunga wetu Wapokomo uliishi kwa maji hayo, kambare walizaliana humo, na maji yakianza kurudi nyuma Waorma walishusha ng'ombe kula majani mabichi.

Maji ya vuli yalikuja na bata. Hawakuwa bata bukini wala wale wakubwa wanaopiga mbinja usiku, bali kibata kidogo cha rangi ya udongo, uzito wake haufiki nusu kilo, chenye mistari myeusi na myeupe usoni. Mchana walilala kwa makundi katikati ya maji ya wazi, mbali na mtu na mamba. Jua likizama waliinuka, na hawakukimbia juu ya maji kwanza kama wafanyavyo bata wazamiaji. Walichomoka wima, wakageuka hewani, wakaja mashambani. Hapo ndipo walipogombana na mjomba wangu. Mchana tulikaa juu ya dungu kuamia ndege kwa kombeo na makelele, lakini dungu halikumfaa mtu dhidi ya ndege anayekula gizani. Mbegu za vuli zilikuwa ndiyo kwanza zimemwagwa. Mjomba alilala shambani na debe bovu, akiamka kila mara kulipiga, na asubuhi bado tulikuta nyayo zao zimetapakaa kwenye tope.

Sisi watoto tuliwategea matanzi ya uzi wa kuvulia. Tukimnasa mmoja tulimpasua firigisi kabla ya kumkabidhi bibi, tuone alichokula. Mara nyingi mpunga ulikuwa kidogo kuliko alivyodai mjomba: punje chache, na zaidi ni mbegu za magugu, mbegu za myungiyungi, na vikonokono. Myungiyungi tulikuwa tunaila wenyewe, kwa hiyo hilo halikutushangaza. Hatukumwambia mjomba.

Babu alisema bata hao huletwa na mto. “Wanafuata maji, mjukuu wangu. Maji yakishuka kutoka milimani, nao wanashuka.” Lakini alijua jambo jingine pia, ambalo baadaye nililikuta vitabuni karibu kama alivyolisema: kwamba wanapofika wote wana sura ya jike, na madume huvaa karibu na safari ya kurudi. Ni kweli. Dume huja huku na manyoya ya kahawia aliyoyavaa baada ya majira ya kuzaa, akakaa nayo muda mrefu kuliko madume wa bata wengine wengi. Mwaka ukishageuka, ndipo unapoanza kuona mchirizi mweupe mpana juu ya jicho ukiteremka hadi shingoni, kifua cha hudhurungi, ubavu wa kijivu. Ndipo pia anapoanza kulia, na sauti yake haifanani na ya bata hata kidogo: ni mkwaruzo mkavu, kama kucha ikipitishwa juu ya meno ya kitana. Wanapata wenza hukuhuku kwetu. Harusi inafungwa Afrika, watoto wanakwenda kuzaliwa kwingine.

Kwingine huko ni kuanzia Ulaya ya magharibi hadi mashariki kabisa mwa Asia, katika mabwawa na mbuga zenye majani marefu. Linnaeus alimwandika mwaka 1758. Leo wataalamu humwita Spatula querquedula. Karibu jamii nzima ya ndege hawa huhama wakati wa baridi, na wale wasioelekea kusini mwa Asia huvuka jangwa kuja kwetu Afrika. Kwa Kenya, waanzao kufika huonekana mwishoni mwa Septemba na Oktoba, na kufikia Aprili karibu wote wamekwisha ondoka.

Basi babu alipata nusu. Yuko bata wa domo jekundu, mwenyeji wa Afrika, ambaye kweli hufuata maji: mvua ikinyesha mahali, huja, pakikauka, huondoka, na anaweza kusafiri mamia ya kilomita akitafuta dimbwi jipya. Huyo hana tarehe. Bata wa vuli anayo. Safari yake inaongozwa na kufupika kwa mchana huko atokako, kabla hata hajajua kama Tana imefurika au la. Alikutana na maji yetu kwa sababu maji yetu nayo yalikuwa na tarehe.

Tarehe ya maji ndiyo iliyovurugika. Huko juu mtoni, bwawa la Kindaruma lilikuwapo tangu 1968, likafuata Kamburu 1974 na Gitaru 1978, lakini hayo yalikuwa madogo kwa kushika maji ya msimu. Masinga, lililokamilika 1981, lina nafasi ya takriban mita za ujazo bilioni 1.5. Kazi yake hasa ilikuwa kuyashika mafuriko na kuyatoa polepole ili mitambo ya umeme izunguke mwaka mzima. Na lilifanya hivyo. Wanaodhani bwawa liliukausha mto hawajawahi kuja kwetu. Kiangazi, mto ulikuwa na maji mengi kuliko zamani. Kilichopungua ni vilele vya mafuriko. Maji yalibaki ndani ya kingo zake, yenye kina, yakipita moja kwa moja kwenda baharini.

Kwa bata huyu, maji yenye kina ni kama hayapo. Hazamii. Anakula kwa kuchuja maji ya juu kwa vichujio vya kando ya mdomo, au kwa kuzamisha kichwa na shingo. Chakula kilicho chini ya hapo si chake. Anahitaji maji ya kifundo cha mguu, yaliyotulia juu ya nyasi zilizokwisha toa mbegu. Kuna miaka ya themanini ambayo vuli ilifika bila maji kupanda, nao wakaja vilevile, wakazunguka juu ya bonde kavu jioni mbili tatu, kisha hatukuwaona tena. Mjomba aliliweka debe lake. Alikuwa amekwisha acha kupanda mpunga wa vuli.

Miaka ya tisini mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya serikali ya kuendeleza mabonde ya Tana na Athi, ulileta majaruba ya kumwagilia, na ndege wakayajaza kana kwamba walipewa anwani. El Niño ya 1997 ikavunja matuta ya mradi. Mwaka ule maji yalitwaa kila kitu, na wazee peke yao ndio waliokuwa wakitabasamu, kwa siri. Baadaye ikaja mathenge, mti wa miiba uliopandwa nchi kame kuzuia jangwa, ukateremka na mto na kuziba mahali palipokuwa pa nyasi. Kule kijiji cha Ozi, upande wa baharini, maji ya chumvi yakazidi kupanda mtoni, mpunga ukanyauka. Mwaka 2012 delta iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600. Mwaka huohuo wakulima na wafugaji walichinjana kwa ajili ya ardhi hiyohiyo na malisho yake. Sina la kusema hapo ambalo halijasemwa na waliozika watu wao.

Mpwa wangu siku hizi huongoza watazamaji wa ndege, na Januari hushiriki katika kuhesabu ndege wa majini. Ananipigia simu. “Mjomba, leo nimemwona dume amekwisha vaa.” Namuuliza maji yako wapi, na jibu lake hubadilika kila mwaka. Hakuna ratiba tena. Kuna miaka mitupu na kuna miaka ya gharika.

Novemba 2023 ilikuwa ya gharika. Mto ulivunja kingo, barabara ya Garsen ikakatika, na ndugu zangu wakahamia kwenye mahema mahali pa juu. Mpwa alinitumia picha ya uwanja wa mpira wa shule: maji ya kifundo cha mguu, magoli mawili, na kati yake bata wadogo wa kahawia wasiohesabika. Nilifurahi mno, nikampigia dada yangu kumweleza.

Alinisikiliza hadi mwisho. “Haya, bata wako wameshiba,” akasema. “Sasa tuma pesa ya mabati.”