Nilimgombeza mwanangu bure

Kompyuta yetu ya nyumbani hapa Mwananyamala niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Microsoft waliposimamisha huduma ya Windows 10, Oktoba 14, 2025, yetu ilikuwa ya zamani mno kupokea Windows 11, na fedha ya kununua nyingine sikuwa nayo. Fundi wa mtaani akatuwekea Linux Mint kwa flashi. Programu yenyewe ni ya bure, nililipa ufundi tu. Ndani yake tulikuta Firefox ya kuingilia mtandaoni na Thunderbird ya kusomea barua pepe.

Kilichonikera ni saa. Ilikuwa nyuma kwa saa tatu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima sehemu ya saa kujirekebisha kwa mtandao, nikabonyezabonyeza mishale mpaka ikakaa sawa. Nikaenda kulala nikijiona fundi.

Kesho yake jioni kijana wangu, aliyemaliza kidato cha sita, akakaa kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Zilibaki siku tatu dirisha lifungwe. Fomu yake yenye mhuri wa serikali ya mtaa ilishaskaniwa stationery na kutumwa kwenye barua pepe yake. Firefox ikagoma. Kila ukurasa, onyo kwamba si salama. Thunderbird nayo ikashindwa kuifikia akaunti yake.

“Umebonyeza nini?”

“Sijabonyeza kitu, baba.”

Sikumwamini. Nikamtajia filamu anazopakua usiku, nikamwambia kuna watoto wanaotaka chuo na kuna wanaotaka mchezo. Mama yake alinitazama tu. Kijana akaiondoa Firefox, akaiweka upya, bando langu likaenda nusu. Onyo likarudi vilevile. Akaingia chumbani bila kula.

Aliyelisoma lile onyo ni mdogo wake, binti wa kidato cha pili. Sisi wengine tulipoona Kiingereza kirefu tulikimbilia kubonyeza. (Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Usiku ule nilitamani na onyo letu lingezungumza hivyo.) Binti alisoma mpaka chini, akakuta panazungumziwa saa ya kompyuta.

“Baba, hii kompyuta inasema tuko 2016.”

Nilipokuwa nabonyeza mishale nilishusha na mwaka. Tovuti salama huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa kompyuta iliyoamini ni 2016, vyeti vyote vilikuwa bado havijaanza kutumika, ikavikataa. Thunderbird nayo hukagua vyeti hivyo hivyo. Hata zile saa tatu za mwanzo chanzo chake kilikuwa kidogo tu, hakuna aliyeichagulia kompyuta Dar es Salaam kwenye ramani ya saa. Binti akaichagua, akawasha ile sehemu niliyoizima. Firefox ikafunguka papo hapo.

Nikasimama mlangoni kwa kijana. Nilitaka kusema “saa ilikosea”. Nikaona haya.

“Mwanangu, ni mimi niliyeharibu. Nisamehe.”

Akanyamaza. Kisha akauliza, “Bando limebaki?”

Lilikuwepo. Kwenye Thunderbird akaandika anwani yake, ukafunguka ukurasa wa Google wenyewe, akaweka nywila hapo, na namba ya uhakiki ikaja kwenye simu yangu, maana akaunti ile tuliifungua kwa laini yangu. Nikamsomea tarakimu moja moja. Barua zikaanza kushuka, ya stationery ikiwa juu kabisa.

Maombi yalikamilika saa saba usiku. Chakula chake nilikipasha mimi.