Ficha Mashine, Lakini Shosho Aweze Kuzifikia

Wacha niseme mapema tusipotezeane muda: paneli ambayo shosho yako hawezi kuitoa ukutani saa nane usiku, gizani, si urembo. Ni mtego uliopakwa rangi.

Najua wengi wenu mnapenda kuta safi. Mimi pia. Kazi yangu ni kutengeneza video, na kamera haina huruma. Waya mmoja ukining'inia nyuma ya bega lako, watu watatazama waya, hawatakusikiliza. Kwa hivyo sijaja kuwaambia muache mabomba na swichi zionekane. Ficheni. Ninachotaka tuongee ni vile mnaficha.

Studio yangu ni gereji ya Guka, hapa Buruburu. Haijaona gari tangu auze Peugeot yake, lakini haikubaki tupu. Nyumba nyingi za Nairobi, gereji ndiyo tumbo la nyumba. Kila kitu ambacho hakuna mtu anataka kukiona sebuleni kinapelekwa huko. Ukuta wa mwisho wa gereji yetu una kisanduku cha swichi za stima. Kando yake kuna inverta, na chini yake betri mbili kubwa. Kwa kona kuna pampu ya maji na mabomba yake, maana maji ya mgao huja siku zake, tunayakinga kwa tangi la chini, halafu pampu inayapandisha kwa lile la juu ya paa.

Sasa, hiyo inverta haiko hapo ya kuangalia mpira stima zikipotea. Guka ana shida ya mapafu. Anapumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumbani, inachuja naitrojeni, halafu inampa oksijeni kwa mrija wa puani. Inataka stima mchana na usiku. Ya lita tano kama yake inakula wati 350 hivi. Piga hesabu na mimi: betri mbili za volti 12, kila moja 200Ah, zikijaa zina kama kilowati-saa 4.8. Betri za asidi ukizoea kuzimaliza chini ya nusu unaziua mapema, kwa hivyo za kutumia ni 2.4. Ukitoa umeme unaopotea ndani ya inverta, unabaki na saa tano na kitu.

Kabla ya inverta hatukuwa hata na hizo tano. Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ikaingia gizani, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Watu walitengeneza vichekesho usiku huo, na vingine vilikuwa vikali kweli. Kwetu kulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni wa akiba, na Shosho alikesha akitazama mshale wa geji ukishuka. Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Karo na inverta hazingeingia bajeti moja. Niliondoka chuo, nikaingia gereji. Hiyo ni stori ya siku nyingine, na sihitaji pole.

Nimewaambia hayo ili mjue ukuta wenyewe una nini. Kwa wafuasi wangu ulikuwa ni ukuta mbaya tu. "Buda, unarekodia kwa posho mill?" Mwingine akaniuliza kama nimetekwa nyara. Nikacheka, lakini ujumbe niliupata.

Halafu kukaja kampuni moja, jina tuliache. Walitaka video sita. Pesa yao ingelipa kodi ya keja kwa miezi kadhaa kama ningekuwa nalipa kodi. Sharti lilikuwa moja: ukuta wa nyuma uwe laini, rangi yao, bila mstari hata mmoja. Wangemlipa fundi wao aweke jipsamu kutoka sakafu hadi juu, afunike kila kitu, aache kamlango kadogo kenye kufuli. Fundi akaja, akapima, akaniambia, "Hii kazi ni siku mbili. Hakuna mtu atajua kuna kitu huko nyuma."

Hapo ndipo shida ilikuwa. Nilitaka kila mtu wa nyumba ajue kuna kitu huko nyuma, na ajue kukifikia.

Nikauliza: ufunguo utakaa wapi? Akasema popote utakapoamua. Nikauliza: na pampu ikianza kuvuja? Akasema mtakata jipsamu kidogo, mtaziba tena. Ni mtu poa, hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anajenga kitu cha kutazamwa, na mimi nilikuwa nafikiria kitu cha kuishi nacho. Nikaikataa ile dili. Walienda kwa mtu mwingine, na ukuta wake ni mzuri, nimeuona.

Kuna kitu kinanikera kuhusu hizi video za gereji tunazoiga kutoka Marekani. Msee anaficha kisanduku cha umeme nyuma ya rafu ya maua, muziki unapigwa, mwisho. Tunachukua rafu, tunaacha sheria. Huko kwao kanuni ya umeme inayoitwa NEC inataka nafasi ya kufanyia kazi mbele ya kisanduku cha swichi: angalau inchi 36 kwenda mbele na inchi 30 kwa upana, na nafasi hiyo haigeuzwi stoo. Kwa video huoni hiyo. Unaona maua.

Kwa hivyo nikajenga paneli zangu mwenyewe, na nikaanza na swali moja: ni nani mwenye nguvu kidogo zaidi hapa nyumbani ambaye anaweza kuhitaji kuzitoa? Guka hawezi kuamka haraka. Ni Shosho. Ana miaka zaidi ya 70, vidole vya mkono wa kulia vinamuuma asubuhi, na hapendi kuambiwa asubiri mtu. Kila kipimo nilikitoa kwake.

Bati la plaiwudi ni futi 8 kwa 4. La milimita 9 lina uzito wa kilo 16 hivi. Shosho hataliinua. Ukilikata mara nne, unapata vipande vya futi 2 kwa 4, kila kimoja kama kilo 4. Hizo ni paketi mbili za unga, na Shosho amebeba unga maisha yake yote. MDF niliiacha, hata kama inapakwa rangi vizuri kuliko plaiwudi, kwa sababu ikinywa maji inavimba, na mimi nina pampu hapo.

Hakuna skrubu kwenye paneli, hakuna kufuli, hakuna bawaba. Nilichukua mbao nyembamba, nikaomba wakate kwa msumeno wa mashine kwa urefu, pembe ya digrii 45. Ukikata hivyo unapata vipande viwili vinavyokaliana kama viganja. Kimoja unakifunga kwenye fremu iliyosimama mbele ya mashine, mdomo ukiangalia juu. Kingine unakifunga nyuma ya paneli, mdomo ukiangalia chini. Paneli inakaa kwa uzito wake yenyewe. Ukitaka kuitoa, unainua inchi moja, unavuta kuelekea kwako, imetoka. Usichimbe hiyo fremu ukutani kabla hujajua waya na mabomba yanapitia wapi. Mimi nilimwita fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA anionyeshe kwanza.

Kishikio ni mshipi wa ngozi wa mtumba, uliokatwa na kufungwa kama kitanzi, kwa sababu vidole vinavyouma havishiki kitasa kidogo lakini mkono mzima unaingia kwa kitanzi. Pembeni nimebandika utepe unaong'aa, kama ule wa jaketi za boda boda. Ukimulika na tochi ya simu, hata ile kabambe, unaona paneli ziko wapi. Kila moja ina namba kwa juu. Na nyuma ya namba moja, kwa herufi kubwa, kwa Gikuyu, nimeandika nini kizimwe kwanza inverta ikilia. Shosho alisahihisha tahajia yangu mara mbili.

Kuna vitu ambavyo sikuvificha kabisa, na hapa niwe mkali. Mtungi wa gesi ya kupikia ulikuwa unakaa gereji. Nikautoa nje, kwa kibanda chenye hewa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujikusanya, na nyuma ya paneli ndipo ingependa kujikusanya. Betri za asidi ni kinyume: zikichajiwa zinatoa haidrojeni, nyepesi kabisa, inapanda juu, na cheche ndogo inatosha. Kwa hivyo paneli zangu haziguzi sakafu wala dari. Nimeacha nafasi ya kiganja chini na kiganja juu, hewa ipite, na inverta pia ipate kupoa. Mita sijaigusa. Si yangu, ina sili, na hakuna rangi ya ukuta inayostahili kesi.

Halafu nikapaka mstari mwekundu sakafuni, mita moja kutoka ukutani. Ndani ya mstari hakuna kitu kinakaa. Hakuna sofa, hakuna taa ya kurekodia, hakuna hata ndula za mtu. Huo mstari umenigharimu nafasi kuliko paneli zenyewe. Studio ni ndogo na kila siku unatamani kusukuma kiti nyuma kidogo. Lakini paneli inayotoka kwa sekunde tano haina maana kama kuna sofa mbele yake.

Kazi yote ilikuwa wikendi mbili na shilingi elfu tano na kitu, kwa sababu rangi ilikuwa mabaki ya jirani. Kuna mistari mitatu kati ya paneli, inaonekana kwa video. Watu wameniambia niizibe. Hapana.

Mwezi wa pili baada ya kumaliza, nilikuwa tao kwa kazi ya usiku. Stima zikapotea mtaani. Inverta ikachukua mzigo vizuri, halafu tangi la juu likapungua na pampu ikaamua kuwaka. Kumbe fundi aliyetangulia, miaka hiyo ya nyuma, alikuwa ameunganisha pampu kwenye laini moja na inverta. Pampu ikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule wake wa kawaida. Inverta ikalia, ikajizima. Mashine ya Guka nayo ikanyamaza.

Shosho alinipigia simu. Niliona jina lake, mwili wote ukapoa. Nikashika nikiwa tayari kumwelekeza hatua kwa hatua, inua hapa, vuta pale.

"Shosho, enda gereji, shika ile namba—"

"Nimeshatoa," akaniambia. "Nimezima ya maji, nimewasha hii ingine tena. Guka anapumua. Nilikuwa nataka kukuuliza kama utakula ugali au niweke chapati."

Nilikaa kwa ngazi za jengo la watu, sikuweza kuongea kwa muda. Mtungi wa akiba ulikuwa kando ya kitanda, sawa, na labda ungetosha. Lakini jaribu kufikiria yule mwanamke gizani na ukuta wa jipsamu, tochi mdomoni, akitafuta ufunguo ambao mimi niliamua utakaa wapi.

Wiki hiyo fundi mwenye leseni alikuja akatenganisha pampu na laini ya inverta. Kuona tatizo kulimchukua dakika chache, kwa sababu alitoa paneli, akaona waya wote. Hakukata kitu.

Sisi wa kamera tumezoea kufikiria ukuta wa nyuma ni wa watazamaji. Mtazamaji anauona kwa dakika moja, anapita. Watu wa nyumbani wanaishi nao. Ukipamba, pamba kwa ajili ya jicho la wa kwanza, lakini pima kwa mkono wa wa pili. Na kama unaishi kwa bedsitter na huna gereji, bado unayo swichi kuu nyuma ya kabati, au koki ya maji nyuma ya ndoo, au pazia mbele ya soketi zenye moto. Ni jambo lile lile.

Kwa hivyo leo usiku fanya hivi. Zima taa za nyumba. Mwite mwenye nguvu kidogo zaidi hapo kwenu, awe mama, awe kaka mdogo, awe shosho. Mwambie afike kwa swichi kuu na azime. Usimsaidie. Hesabu sekunde.

Ikipita ishirini, kesho usitafute rangi. Tafuta bisibisi.