Mistari Miwili: Mbarara na Nakivale

Mbarara

Mbarara haifichi chama chake. Njano ya NRM iko kwenye kuta za maduka, kwenye nguzo za umeme, kwenye fulana za vijana wa bodaboda. Basi la njano, alama ya chama, limechorwa hata pale ambapo basi lenyewe halipiti. Hii ni Ankole, nyumbani kwa Rais Museveni. Januari 2026, tume ya uchaguzi ilipomtangaza mshindi kwa zaidi ya asilimia 71 ya kura za nchi nzima, hapa hakuna aliyekesha redioni kusubiri matokeo.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Kihaya changu kinasikilizana na Kinyankole cha sokoni, na swali nililovuka nalo mpaka ni la kwetu pia: mpiga kura afanye nini pale ambapo chama kinachoshinda kinajulikana kabla ya karatasi kuchapishwa?

Mama mmoja muuza maziwa alinijibu huku akipima lita kwa kikombe cha bati. "Ya Januari hainiumizi kichwa, ssebo. Inayoniumiza ni kamyufu."

Kamyufu ni mchujo wa ndani wa NRM, zile ambazo sisi tunaziita kura za maoni. Namna yake ndiyo iliyonishangaza. Wanachama hukusanyika uwanjani, mawakala wa wagombea husimama na picha za watu wao, na kila mwanachama hujipanga nyuma ya anayemtaka. Vichwa vinahesabiwa, mshindi anatangazwa. Ndivyo ilivyokuwa Julai 2025 walipochujwa wagombea ubunge. Hata wenyeviti wa LC1, uongozi wa ngazi ya kijiji, walichaguliwa kwa mstari mwaka 2018.

Uzuri wake ni kwamba mstari mrefu hauibiwi kirahisi. Kila mtu anauona. Ubaya wake ni huo huo. Wakala wa mgombea mmoja, alisema mama yule, ndiye anayeshika daftari la SACCO ya parokia yao, ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji. Tangu 2022 serikali inapeleka shilingi milioni 100 kwa kila parokia chini ya mpango wa maendeleo ya parokia, PDM, na mwanakikundi anaweza kukopeshwa hadi milioni moja. Yeye jina lake lilikuwa bado linasubiri.

"Ukasimama wapi?"

"Kwa wa daftari." Akafunika debe. "Lakini niliyemtaka aliposhindwa, alirudi Januari akasimama peke yake, bila chama. Huko kwenye karatasi hakuna anayeuona mgongo wangu."

Hapo nikaelewa kwa nini Bunge la Uganda lililochaguliwa 2021 lilikuwa na wabunge zaidi ya 70 wasio na chama. Wengi wao walikuwa watu wa NRM walioangushwa kwenye mchujo wakakataa kwenda nyumbani. Wilaya inabaki ya njano, lakini kiti kinakuwa na ushindani wa kweli.

Njiani

Barabara ya Isingiro inapita kwenye migomba isiyoisha. Isingiro yenyewe ilimegwa kutoka wilaya ya Mbarara mwaka 2005. Ukiitazama Mbarara ya leo utadhani imekuwa ya chama kimoja tangu kuumbwa. Sivyo. Desemba 1980 Museveni mwenyewe aligombea ubunge Mbarara Kaskazini kwa chama chake cha wakati huo, UPM, akashindwa na Sam Kutesa wa DP. UPM iliambulia kiti kimoja tu nchi nzima.

Baada ya uchaguzi huo chama tawala kilikuwa UPC, na wilaya hii ilionja makali yake. Oktoba 1982 viongozi na vijana wa chama hicho waliwafukuza Wanyarwanda mashambani mwao, wakimbizi na raia bila kubagua, kwa tuhuma za kuwa upande wa wapinzani. Wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine walisukumwa hadi kambini Nakivale. Anayeona ajabu kwamba mama wa maziwa anachunga mgongo wake, akumbuke hayo.

Nakivale

Makazi haya ya wakimbizi, yaliyoko Isingiro, yalifunguliwa 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo kundi kubwa ni Wakongo, wakifuatiwa na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawakataza kujihusisha na siasa za Uganda, kwa hiyo mabango ya basi la njano hayawahusu. Uchaguzi wao ni wa kamati za ustawi wa wakimbizi, RWC, zilizoundwa kwa mfano wa LC. Hakuna chama, hakuna rangi.

"Hapa tunachagua mutu mwenye anaweza kusema na bakubwa," mzee mmoja wa Kivu aliniambia. Bakubwa ni ofisi ya Waziri Mkuu na mashirika. Mwenyekiti wa RWC hana bajeti wala amri. Ana mdomo na miguu tu. Mtaani kwao, alisema, walijipanga mstari, kama Waganda wa jirani.

Lakini pasipo na chama bado kuna kundi la walio wengi. Jirani yake, dada wa Kirundi, alikuwa akichambua maharage ya kupanda. "Sisi ni nyumba chache. Mrundi hawezi kushinda hapa, na hatujisumbui kumsimamisha. Tunaulizana: katika hawa Wakongo, nani anafungua mlango usiku mtoto akizidiwa?" Kura za nyumba zao zikaenda kwa mmoja, nao ndio waliomvusha.

Mbinu yake haina tofauti na ya Mbarara: usipoteze kura kugombana na jambo lililokwisha kuamuliwa, ipeleke kwenye lile ambalo bado lina shaka. Kazi ni kulitafuta.

Hesabu ya mwisho

Kura huwa na maana pakiwa na mambo mawili pamoja, shaka ya matokeo na siri ya mpiga kura. Kwenye kamyufu shaka ipo, siri hakuna. Kwenye kura ya rais Mbarara siri ipo, shaka hakuna. Mgombea asiye na chama ndiye anayeyakutanisha, na ndiyo maana mama wa maziwa alimngojea.

Kwetu Tanzania mlango huo umefungwa. Mchungaji Christopher Mtikila aliupigania hadi Mahakama ya Afrika, Arusha, na Juni 2013 akashinda, lakini sheria haijabadilika. Kura za maoni za chama chetu tawala ni za siri, tena za karatasi, lakini neno la mwisho ni la vikao vya juu, na mwaka 2020 wapo walioongoza kura wakakatwa. Aliyekatwa ahame chama au akae kimya.

Majirani zetu wana mgombea binafsi bila siri ya mchujo. Sisi tuna siri ya mchujo bila mgombea binafsi. Wilaya ya chama kimoja inaweza kuwa na uchaguzi wa kweli ikipewa vyote viwili, na hakuna kimojawapo kinachomtaka mpiga kura aache chama chake.