Namba Tano

Januari 2015 Namba Tano wetu alihama. Aliondoka na sanduku jipya la bati, godoro lililofungwa kwa kamba, na gongo moja la shule ambalo mpaka leo halijarudi. Shule fulani kubwa nje ya Kitui ilikuwa imemwona akicheza mwaka uliotangulia, ikamwahidi masomo bila karo. Mama yake angekataaje? Hata wangu angekubali. Lakini sisi tuliobaki Matinyani tulimchukia wiki mbili nzima, kisha tukaichukia ile shule kwa muda mrefu zaidi.

Uwanjani hakuna aliyeitwa kwa jina. Ulikuwa namba ya jezi yako, basi. Mimi nilikuwa Nane, na pia kapteni. Mwalimu wetu wa kemia, ambaye ndiye alikuwa kocha, alitupanga kizamani: kipa, mabeki wawili, hafu watatu, washambulizi watano mbele. Tano ni yule wa katikati kwenye mstari wa hafu. Kila mpira unaotoka nyuma unapita kwake, na kila mpira unaopotea mbele unarudi kwake. Mwalimu alisema timu bila Tano ni muthokoi bila maharagwe, unashiba lakini hufurahi. Akaniambia, "Kapteni, nitafutie mtu." Kana kwamba wako sokoni.

Tulikuwa na wiki tano kabla ya michezo, magongo 14 (mawili yamezungushiwa selotepu), na uwanja wa changarawe nyekundu ambapo mpira unaweza kugonga jiwe ukakurukia kwenye meno. Watu hudhani hoki ni nguvu. Gongo lina upande mmoja tu wa bapa, ule wa kushoto, na hauruhusiwi kuupiga mpira kwa mgongo wake. Kwa hivyo Tano lazima awe ameamua mpira unaenda wapi kabla haujamfikia. Akingoja ufike ndipo afikirie, ameshazungukwa.

Tulianza na bingwa wetu wa mita 400. Alikuwa na mbio, lakini akipata mpira alikwenda nao moja kwa moja kama matatu isiyo na breki, mpaka nje ya uwanja. Tukamjaribu Tatu, beki mwenye mabega. Alinyang'anya kila mtu mpira, wakiwemo wenzake. Halafu nikajitolea mimi. Kusema kweli nilikuwa naitaka hiyo namba tangu kidato cha kwanza. Nilicheza mazoezi mawili. Siku ya pili Mwalimu alipiga kipenga katikati ya mchezo akaniuliza, mbele ya wote, kama nilijua kwamba upande wangu wa kushoto kuna binadamu. Mimi nilikuwa naona goli tu.

Nilikuja kusoma baadaye, nikiwa Nairobi, kwamba hata nchi nzima iliwahi kutafuta wachezaji hivi. Kenya ilishika nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza la hoki, Barcelona, 1971. Ya nne duniani! Timu ya miaka hiyo ilijaa Wasikh na Wagoa, watu kama Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972. Wengi wa jamii hizo wakahama nchi. Mwaka 1976, Olimpiki ya Montreal ilipoleta hoki kwenye nyasi bandia kwa mara ya kwanza, Kenya ilikuwa imesusia michezo. Mistari ikabidi ijazwe upya, na shule za upili, hasa za magharibi, zikawa shamba la kuvuna wachezaji. Sisi wa ukambani tulikuwa pembeni mwa shamba hilo. Ukitoa mmea mmoja mzuri, mtu anakuja kuung'oa.

Tano mpya tulimpata nyuma ya goli. Alikuwa kipa wa akiba, kidato cha pili, na kwa mwaka mzima kazi yake ilikuwa kuokota mipira inayotoka nje. Jioni moja nilisikia sauti ikisema polepole, kama mtu anayejiongelesha: "Kulia. Kulia. Sasa rudisha." Kila aliposema, alikuwa sawa. Tulikuwa tumecheza msimu mzima mbele ya mtu anayeona uwanja wote, na hakuna aliyemuuliza anaona nini. Tukamvua zile pedi. Kufikia Ijumaa Mwalimu alikuwa anacheka peke yake kando ya mstari.

Shida ilikuwa maji. Alilelewa na nyanya yake, na ikifika saa kumi na moja alipaswa kuwa mtoni, kuchimba mchanga na kusubiri maji yajae kwenye shimo, kikombe kwa kikombe, mpaka mitungi miwili ya lita 20 ijae. Nilienda kwao kumwomba nyanya. Nilimwamkua, nikakaa kwenye kigoda, nikaeleza habari ya mstari wa hafu kwa Kikamba, jambo ambalo sidhani limewahi kufanywa vizuri. Susu alinisikiliza hadi mwisho akiwa anapeta pojo. Kisha akauliza, "Na hiyo mipira yenu, inanyweka?"

Tukakubaliana hivi: kila siku ya mazoezi, wachezaji wawili wa akiba wataenda mtoni kwa niaba yake. Nilidhani nimefanya ujanja mkubwa. Sikuwa nimepiga hesabu. Tano mpya alitoa pasi za kasi mbele, na pasi za kasi zilimfaa bingwa wa mita 400, si mimi. Wiki moja kabla ya michezo Mwalimu alimpa jezi namba nane. Nikabaki kapteni wa benchi, na kuanzia Jumatatu nikawa mmoja wa wale wawili wa mitungi. Susu alikuwa ananipokea vizuri sana.

Tulishinda kaunti ndogo. Kwenye kaunti tulitolewa nusu fainali, mbili kwa moja, na siwezi kusema kwamba ningeingia ingekuwa tofauti. Yule mtoto alicheza kama aliyezaliwa hapo katikati.

Baada ya mechi mwalimu mmoja mgeni alikuja nilipokuwa nikikusanya magongo. Alikuwa na kofia na daftari dogo. Akaniuliza kwa upole, "Huyo Tano wenu ako kidato gani?"

Nilijua swali hilo linaelekea wapi. Niliona sanduku jipya la bati. Niliona Mwalimu akianza tena upya, na mimi nikitumwa kutafuta mtu. Pengine niliona pia kitu kingine, kile cha benchi, lakini hicho sikukitazama.

"Wa nne," nikasema. "Anamaliza mwaka huu."

"Aaa. Pole yetu," akasema, akafunga daftari.

Muhula wa tatu Tano alirudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana. Akarudi, akafukuzwa tena, akamaliza shule mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Hoki aliacha.

Desemba iliyopita tulikutana stejini, Kitui mjini. Anauza nguo za watoto, amenenepa vizuri, anacheka kwa urahisi. Tuliongea kuhusu Susu, ambaye bado yuko, na kuhusu mvua. Gari langu lilikuwa limebakisha kiti kimoja.

"Nane," akaniita, jina la zamani. "Unakumbuka siku ile ya kaunti? Kuna mwalimu mwenye kofia aliniangalia mechi nzima. Nilingoja aje aniongeleshe."

Nikamwambia sikumbuki. Makanga akagonga bodi mara mbili, nikapanda.