Kabla ya Masika, Twendeni Maji ya Chai

Mwezi wa pili Arusha ni joto na vumbi, na wiki endi za wengi wetu zinaishia kwenye nyama choma. Safari hii wewe na mwenzi wako jaribuni kitu tofauti. Pandeni Hiace za barabara ya Moshi, mpite Tengeru na Usa River, mshuke Maji ya Chai, zaidi kidogo ya kilomita 20 kutoka mjini. Mnakwenda kuona vitalu vya mboga, na huu ndio msimu wake.

Ukiwakuta akina mama wanamwagilia, shikamoo kwanza, maswali baadaye. Na usikanyage tuta la mtu!

Jina na maji yake

Jina limetokana na mto ambao maji yake yana rangi ya chai ya rangi. Lakini tatizo kubwa la maji ya ukanda huu halionekani kwa macho. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huyatia madini ya floraidi. Mtoto akikua anakunywa maji yenye floraidi nyingi, meno yake hugeuka kahawia, na ikizidi kwa miaka hata mifupa huathirika. Kuchemsha hakusaidii. Ndiyo maana hapo jirani, Ngurdoto, kulijengwa kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, kinachojulikana kwa kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa hiyo kama mna ndoto ya kununua kiwanja huku, kabla hamjauliza bei ulizeni maji ya kunywa yatatoka wapi.

Kwa nini sasa?

Masika huanza Machi mpaka Mei. Mche wa mnafu hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6. Piga hesabu: ukisia katikati ya Februari, mvua inapokolea mche uko tayari kuhamia shambani. Anayengoja tone la kwanza ndipo asie, atachuma wakati sokoni mboga zimejaa na bei imeshuka.

Ila kutangulia kuna gharama yake. Kwenye miteremko hii Wameru wamemwagilia kwa mifereji tangu enzi za mababu, na maji huenda kwa zamu. Mwisho wa kiangazi mto umepungua, lakini kitalu hakijui hilo, kinataka maji kila siku. Mvua ikichelewa na zamu ikiruka, miche inakauka, na pamoja nayo hela ambayo familia ilishaipangia ada ya shule. Fungu la mboga unalobishania bei sokoni limeanzia hapo.

Mkirudi nyumbani

Hata uani kwenu mnaweza. Tengenezeni tuta dogo, upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Changanyeni udongo na samadi iliyooza vizuri. Chora vifereji vya kina kifupi sana. Mbegu za mnafu na loshuu ni ndogo, zichanganye na mchanga ili zisirundikane. Fukia kidogo, funika kwa nyasi kavu, mwagilia taratibu asubuhi na jioni. Zikichomoza tu, ondoa nyasi. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope, la sivyo kinyausi kitaangusha miche yote. Wiki ya mwisho punguza maji ili miche ikomae, kisha ihamishe jioni. Kwa wasio na subira kuna mchicha: unausia moja kwa moja tutani, na baada ya wiki 3 au 4 uko kwenye sufuria.

Mbegu gani?

Njiani mtapita Tengeru, soko lake kubwa ni Jumatano na Jumamosi. Hapo Tengeru pia Kituo cha Mboga Duniani kimekuwa na ofisi tangu 1992, kikihifadhi mbegu za mboga zetu za asili kama mnafu, mgagani na ngogwe. Nyanya ya Tengeru 97, iliyotolewa mwaka 1997, ilipewa jina la hapa hapa. Uzuri wa mbegu za namna hiyo ni kwamba unaweza kukamua za kwako na kusia tena msimu ujao. Chotara huzaa sana, lakini mbegu utakayoitoa humo haitazaa kama mama yake, kwa hiyo kila msimu unarudi dukani.

Zamu ya nani?

Hapa ndipo mapenzi yanapopimwa, jamani. Kitalu hakisikilizi foleni wala kikao cha bosi. Gawaneni kama watu wa mfereji: mmoja asubuhi, mwingine jioni, na atakayechelewa apige simu mapema. Anzeni na tuta moja tu. Mkilifikisha hilo mpaka masika bila kununiana, la pili litakuja lenyewe.