Muulize Rika Lake

Tuliondoka Kitale umande ukiwa bado juu ya mahindi, Mlima Elgon mkono wetu wa kulia. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, kisha Bungoma. Katika matatu nilikaa na wanafunzi wanne wa uuguzi wa chuo kikuu na mwalimu wao, sista aliyezeekea wodini kabla ya kushika chaki. Agizo lake lilikuwa moja: asiguse mtu mashine ya presha kabla hajaketi na kusalimu.

Boma la kwanza lilikuwa nje kidogo ya mji. Mzee aliketi chini ya mwembe, fimbo mapajani. Mmoja wa wanafunzi, binti kutoka Makueni, akafungua fomu.

"Mzee, una miaka mingapi?"

"Angalia kitambulisho."

Kitambulisho kilisema 1957. Akaandika. Sista akainama, akamnong'oneza, "Muulize rika lake."

"Mimi ni wa Banyange!" Mzee aliinua kichwa, sauti ikapata nguvu.

Wabukusu wana marika manane ambayo majina yake huzunguka, na vijana hutahiriwa Agosti, kila baada ya miaka miwili. Banyange walifunga zamu yao 1958. Binti akahesabu kwa vidole, akasita. Mtoto wa mwaka mmoja hapelekwi jandoni. Mzee huyu alikuwa wa themanini au karibu na hapo, na kwa sababu ya tarakimu zilizokisiwa zamani, alikuwa hajaingia Inua Jamii, mpango wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70.

Mzee sasa alikuwa hanyamazi. Akasimulia nyimbo za jandoni, kisha akasema, kama jambo dogo, kwamba siku hizi haendi kuzisikiliza: akisimama, dunia inazunguka. Ameanguka mara mbili. Fomu haikuwa na swali la kuanguka.

Ndipo mashine ikatolewa. Presha ikapimwa akiwa amelala, ikapimwa tena akiwa amesimama, ikashuka sana. Sista akaomba kuona dawa zake zote, akamwandikia barua ya kwenda hospitali. Binti alikata ile 1957, akaandika "Banyange" kando yake.

Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na serikali. Walimu wa wauguzi, wapelekeni wanafunzi wenu chini ya miembe hiyo mapema, na muwape muda wa kuketi.